Kadi imelala, prosesa inatoka jasho

Asilimia 54. Namba hiyo ilikuwa inanitazama kwenye kona ya kioo cha kompyuta, saa tano usiku, Tabata, feni ikizungusha joto lilelile la mchana. Kadi yangu ya grafiksi, RX 6600 niliyoidunduliza miezi minne, ilikuwa inafanya kazi nusunusu. Chini yake ilisimama mistari minne ya prosesa: 100, 98, 100, 100. Na kwenye gemu la GTA V gari langu lilikuwa linaingia kwenye kona, linaganda kidogo, halafu likizinduka limeshavaa nguzo ya taa.

Mashine yenyewe nilikuwa nayo tangu nianze kazi ya kuhariri video za harusi: i5-6500, mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vipande vyote) ya H110, ramu ya GB 8 kwenye kijiti kimoja, pawasaplai ya wati 500, na kioo cha mtumba kilichotoka ofisini kwa watu, inchi 22, 60Hz, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kabla ya kununua kadi nilisoma kila kitu kuhusu kadi. Nilijua inakula wati 132, ina GB 8, ilitoka Oktoba 2021. Kuhusu prosesa sikusoma hata mstari. Nisome nini wakati nina i5?

Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Kariakoo prosesa zina majina matatu tu: i3, i5, i7. Ukiuliza kizazi cha ngapi unaonekana msumbufu. Winga mmoja pale Mtaa wa Aggrey aliwahi kunishika bega na kunijibu, "Kaka, i7 ni i7 tu. Ingekuwa mbaya si wangeiita i5?" Nilicheka, na nikiwa nacheka nikajiona na mimi nimo humohumo. i5-6500 ni ya 2015, kori nne, nyuzi nne, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi na kila kimoja kinashika jambo moja kwa wakati. i3-12100F ya Januari 2022 ina kori nne na nyuzi nane, inapanda hadi 4.3GHz, na inaipita i5 yangu bila kutoa kijasho. Inaipita hata i7-7700 ya 2017, ambayo bado kuna watu wanaitaja kwa adabu kama wanamtaja mkwe. Habari zote ziko kwenye tarakimu zinazofuata kile kistari. Tatu, tano na saba zinakwambia cheo ndani ya familia. Hazikwambii familia yenyewe ni ya mwaka gani.

Nikiwa mdogo Tanga, usiku wa kuamkia Idi, mama na mama mdogo walikuwa wanagawana kazi ya chapati. Mama anasukuma, mama mdogo anachoma. Mama mdogo alikuwa na mkono mwepesi: mkaa umekolea, chapati inageuzwa mara tatu, imetoka. Mama alikuwa mtu wa hadithi. Anasukuma, anasimama, anasimulia ya jirani, unga umemganda vidoleni. Namkumbuka mama mdogo na mwiko wake hewani, kaango linatoa moshi mtupu, anasema, "Dada, leta basi, moto unaungua bure."

Ndani ya kompyuta mambo yako vivyo hivyo. Prosesa inasukuma: kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, inahesabu gari liko wapi, nani kakuona, mpita njia anaelekea wapi, kisha inaandaa orodha ya maagizo, chora hiki, chora kile. Kadi inachoma: inapokea orodha na kuigeuza picha. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa. Tuseme prosesa inatumia milisekunde 22 kuandaa orodha, na kadi inaimaliza kwa 12. Utapata fremu 45 kwa sekunde, na kadi itakaa milisekunde 10 zilizobaki na mwiko hewani. Kumi na mbili gawanya kwa ishirini na mbili: asilimia 54. Namba yangu ndiyo hiyo.

Zile chapati zina funzo la pili, na hili lilinichukua wiki nzima kulielewa. Ukimwambia mama mdogo azichome taratibu, mafuta kidogokidogo, zipate rangi moja hadi pembeni, atakayechelewa ni yeye. Mama hasukumi zaidi. Setingi nyingi za picha ziko hivyo. Ukiongeza ukubwa wa picha, ulaini wa kingo, ung'avu wa maji, mzigo unakwenda kwa kadi. Usiku ule, kwa hasira, nilishusha mapambo yote ya picha hadi chini kabisa, nikatoa ukubwa wa picha 1080p kwenda 720p, Los Santos, mji wa GTA V, ikawa kama imepakwa uji. Fremu hazikusogea. Kadi ikashuka asilimia 30 hivi, mistari minne ya prosesa ikabaki palepale, na nguzo ya taa nikaivaa tena.

Bila kujua nilikuwa nimefanya jaribio ambalo kila mwenye mashine anapaswa kulifanya kabla hajatoa hata shilingi. Weka programu ya MSI Afterburner, ni ya bure, ikuonyeshe matumizi ya kadi na ya kila kori. Cheza mahali pazito, katikati ya mji na si porini. Kadi ikiwa 97 hadi 99, yeye ndiye anayekuchelewesha, na prosesa mpya haitakusaidia kitu. Kadi ikiwa chini ya hapo na fremu hazitoshi, shusha ukubwa wa picha. Fremu zikipanda, sawa, kadi ilikuwa na shida yake. Zikigoma, tatizo ni anayesukuma. Na angalia kori mojamoja, usiangalie jumla ya prosesa nzima. Gemu kama Euro Truck Simulator 2 huegemea sana kori moja. Prosesa yako inaweza kuonyesha asilimia 30 kwa jumla kumbe kuna kori moja inakufa peke yake huku wenzake wanapiga soga.

Zipo setingi chache zinazompunguzia anayesukuma. Kwenye GTA V ni wingi wa watu na magari mitaani, na ule umbali wa ziada wa kuona. Kwenye Cyberpunk 2077 ni wingi wa umati. Nilizishusha, nikapata nafuu kidogo, na mji ukawa mtupu kama Dar siku ya sensa. Baada ya hapo hakuna tena cha kushusha. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote kati ya vitu hivi viwili. Kadi dhaifu unaweza kuibembeleza: toa vivuli, punguza hiki, washa FSR (inachora picha ndogo kisha inaikuza), maisha yanaendelea. Prosesa dhaifu haibembelezeki. Kadi unaichomoa kwa dakika tano ukaweka nyingine, na ya zamani ina mnunuzi kesho yake. Prosesa ukitaka kuibadilisha, mara nyingi inakuja na mazabodi yake, na mazabodi inakuja na ramu yake, kama bibi harusi anayehamia na wadogo zake wote.

Ndiyo maana zile tovuti unazoandika jina la prosesa na jina la kadi zikakupa asilimia ya kukwama, mimi siziamini. Prosesa hiyohiyo na kadi hiyohiyo kwenye Counter-Strike 2 zinakwama kwa prosesa, kwenye Cyberpunk yenye mapambo yote zinakwama kwa kadi, na ukicheza saa mbili zinaweza kubadilishana mara hamsini. Watu wa Dar hatuhitaji kufundishwa hili. Tazara ikapata daraja la juu 2018, Ubungo ikapata lake 2021, na foleni ikasogea kwenye taa za mbele. Mashine isiyo na mahali inapokwama haipo. Unachochagua ni ikwame wapi, na mimi nataka ikwame kwenye kadi, kwa sababu kadi naweza kuipunguzia kazi.

Nikaamua prosesa ibadilike. Bajeti: laki sita, hela ya harusi mbili na send-off moja.

Kosa la kwanza lilikuwa kutafuta njia ya mkato. Mazabodi yangu ya H110 ina soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA1151. Duka moja nililoelekezwa walikuwa na i5-8400, kori sita, bei nzuri mno. Nikamuuliza kijana wa kaunta kama itaingia. Akageuza prosesa, akanionyesha, "Si unaona bosi wangu? 1151, ileile." Na kweli ilikuwa ileile. Niliporudi nyumbani ikakaa kwenye soketi bila kulazimishwa, nikafunga ule mkono wa chuma, nikapaka grizi, nikafunga feni, nikawasha. Feni zikazunguka. Taa ya kibodi ikawaka na kuzima. Kioo cheusi. Nikachomoa ramu nikaifuta kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Cheusi. Nikabadilisha kebo ya kioo. Cheusi. Saa nane usiku nikasoma kile nilichopaswa kukisoma saa nane mchana: Intel walitumia umbo lilelile la 1151 kwa kizazi cha sita na saba, kisha cha nane na tisa, lakini mazabodi za mfululizo wa 100 na 200 ni za hao wa kwanza, na za mfululizo wa 300 ni za hao wa pili. Mlango ni mmoja, umeme na lugha ya ndani ni tofauti.

Kesho yake nilirudi dukani. Risiti ilikuwa na lile neno letu la taifa, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tulibishana kwa heshima, tukanyamaza, tukabishana tena, mwisho mzee mwenye duka akatoka nyuma akasema, "Mwanangu, tusikoseane. Chagua kitu humu cha thamani hiyo." Nikachukua kijiti cha ramu ya DDR4 ya GB 8 na SSD ndogo. Nilihisi nimelizwa. Lakini kijiti kile cha pili kilifanya jambo ambalo sikulitegemea: ramu mbili zikaanza kufanya kazi sambamba, njia ya data ikawa mara mbili, na kule kuganda kukapungua kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Hazikuwa fremu nyingi zaidi kwa wastani, ila kule kugandaganda kubaya zaidi kulipungua. Kama una kijiti kimoja cha ramu na unalaumu prosesa, anza hapo. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote katika makala hii.

Njia ya mkato iliyokuwa halali ilikuwa i7-6700 au i7-7700. Hii ya pili ingetaka tu nisasishe baiosi, ile programu inayoiamsha mazabodi. Nyuzi nane badala ya nne, mazabodi ileile, ramu ileile. Niliikataa kwa sababu mbili. Prosesa iliyo kileleni mwa soketi yake haishuki bei ipasavyo, maana kila mwenye mazabodi ya zamani anaigombania. Unalipa bei ya uhaba kwa kitu cha 2017. Ya pili ni Windows. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa utaratibu rasmi Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au Ryzen, za mpinzani wake AMD, kuanzia mfululizo wa 2000. Najua njia za kuzunguka zipo, nimewafanyia watu. Ila kuweka laki mbili kwenye mashine ambayo tayari imeonyeshwa mlango, hapana.

Halafu kukawa na kishawishi cha Xeon, prosesa za Intel za seva. Hiki nakitaja kwa sababu kinasambaa sana kwenye magrupu: mazabodi ya X99 ya Kichina, na juu yake E5-2680 v4 iliyotolewa kwenye seva. Kori 14, nyuzi 28, kwa bei inayokufanya uangalie mara mbili. Kwa mtu anayefanya rendaringi ya video usiku kucha ina maana yake. Kwa gemu, rudi kwa mama yangu. Wapange akina mama kumi na wanne, kila mmoja na hadithi yake, na chapati ya kwanza bado inasukumwa na mmoja. Prosesa ile ni ya 2016, inaanzia 2.4GHz na kikomo chake ni 3.3GHz, inakula wati 120. Kori nyingi zisizo na mbio hazikupi fremu. Tena pawasaplai na joto lake ni habari nyingine, hasa chumba chako kikiwa cha bati.

Zikabaki tatu za kweli.

Ya kwanza, i3-12100F. Ilitoka ikiwa na bei elekezi ya dola 97 tu. Kwa mwenye kioo cha 60Hz na kadi kama GTX 1650, RX 580 au hata RX 6600, anayecheza na kufanya mambo ya kawaida, sioni sababu ya kumcheka. Ningekuwa nanunulia mtoto wa dada yangu mashine leo, na hela ni ya mawazo, ningeanza hapo, maana soketi yake ya LGA1700 inapokea kizazi cha 12, 13 na 14. Kesho akipata hela, anaiuza i3 na kuweka i5 palepale.

Ya pili, Ryzen 5 5600. Kori sita, nyuzi 12, akiba ya ndani ya MB 32, wati 65. Hii akiba ya ndani, ambayo wenyewe wanaiita kache, ndiyo siri ya gemu. Ni kama unga uliokwisha kukandwa na kuwekwa mkononi mwa anayesukuma, hana haja ya kuinuka kwenda stoo. Angalieni sana mdogo wake, Ryzen 5 5500. Jina linakaribiana, zote ni za Aprili 2022, zote zina kori sita, lakini 5500 ina MB 16 na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya kuzungumza na kadi. Nimeona mtu kauziwa 5500 kwa bei ya 5600 na akashukuru. Uzuri wa soketi ya AM4 ni kwamba mazabodi za mtumba ziko nyingi, na juu yake kuna 5800X3D yenye kache ya MB 96 kwa siku utakayookota hela. Ubaya ni baiosi: mazabodi ya B450 iliyokaa dukani na baiosi ya zamani haitaitambua 5600, na bila prosesa ya zamani ya kuiwashia, yanakukuta yangu ya kioo cheusi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Akikataa, ondoka, Kariakoo maduka ni mengi.

Kwa mtu wa gemu pekee, hapo ndipo ningesimama. Ningechukua 5600 nilale.

Lakini mimi mchana nahariri harusi. Mpiga picha ninayefanya naye kazi ana kamera ya Sony, anarekodi HEVC ya 4:2:2, biti 10, muundo wa video unaobeba rangi nyingi kuliko kawaida. Rangi zake ni tamu, mashela hayaungui, na kwenye mashine yangu ya zamani video hizo zilikuwa zinatembea kama slaidi: bwana harusi anainua keki, sekunde mbili, keki imefika mdomoni. RX 6600 haina kifaa ndani yake cha kufungua 4:2:2. Kadi nyingi za Nvidia za kabla ya mfululizo wa RTX 50 nazo hazina. Kinachoweza ni kile kikadi kidogo kilichomo ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, kile ambacho kila mcheza gemu atakwambia ni takataka. Na ile herufi F mwishoni mwa jina, ambayo watu wanaitafuta kwa sababu inapunguza bei, maana yake ni kwamba hicho kikadi kimezimwa.

Kwa hiyo nikachukua ya tatu: i5-12400, bila F. Kori sita, nyuzi 12, hadi 4.4GHz. Kwa bei elekezi ya mwanzo ilizidi mwenzake wa F kwa dola 25 hivi, na mtaani tofauti ilikuwa karibu hiyohiyo. Jamaa zangu kwenye grupu walinisema kweli. "Una RX 6600, unalipia grafiksi ya Intel ya nini?" Mmoja akaniita mzee wa stakabadhi, sijui kwa nini, lakini iliuma. Wiki ya kwanza tu nilihariri send-off yenye video za urefu wa saa sita bila kutengeneza zile nakala nyepesi za video zilizokuwa zinanila usiku mzima. Na kikadi kile kina faida nyingine kwa sisi wanunuzi wa mtumba: kadi kubwa ikifa, na nyingi zinazozunguka hapa zilishakesha kwenye migodi ya sarafu za mtandaoni, bado una picha ya kuendeshea kazi ya mteja.

Mazabodi nilichagua H610 ya DDR4 kwa makusudi. Zipo za DDR5, na muuzaji alinisukumia hizo kwa maneno ya "usibaki nyuma". Lakini vijiti vyangu viwili vya GB 8 nilikuwa navyo tayari. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu imepaa, kwa kuwa viwanda vinapeleka memori kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na mtu akikwambia utupe GB 16 zinazofanya kazi, muulize atakununulia yeye? Ni ramu za mwendo mdogo, nakubali. Zinatosha.

Nikakaribia kusahau mtego wa kadi zenyewe, maana kuna kadi zinazochagua prosesa. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye mashine ya PCIe 4.0 inajikokota, kwenye ya PCIe 3.0 kama ile yangu ya zamani inaumia sana, hasa ile GB 4 yake ikijaa. RX 6600 ina nane, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Intel Arc B580 ya Desemba 2024 ina GB 12 na bei ya kuvutia, lakini ni kadi inayodai prosesa mpya: kwenye prosesa za zamani inapoteza nguvu kuliko washindani wake, na bila Resizable BAR (setingi ya baiosi inayoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi) usiiguse. Na ukiona i7-13700K au i9-14900K ya mtumba kwa bei ya huruma, kumbuka prosesa za juu za vizazi hivyo, 13 na 14, zilikuwa na tatizo la volti lililokuwa likizila taratibu, Intel wakatoa marekebisho ya baiosi Agosti 2024. Iliyokwisha kuumia hairekebishwi na baiosi. Kizazi cha 12 hakimo kwenye kesi hiyo.

Siku niliyofunga mashine mpya nilikwenda moja kwa moja Los Santos, katikati ya mji, saa ya foleni. Kadi 98. Fremu zimepita mia. Hakuna kuganda. Nilizunguka mji mzima kama mtu aliyepewa gari la kampuni.

Baada ya siku tatu nikaanza kuona ujinga wangu mwingine. Kioo changu ni cha 60Hz. Fremu zinazozidi 60 kwa sekunde kinazitupa. Havina mahali pa kuzionyesha vioo vya namna hii. Kadi ilikuwa inachora fremu mia na ushee, feni zake zinalia, chumba kinapata joto, na mita ya LUKU inahesabu. Mashine ikivuta wati 250, saa nne ni uniti nzima. Nikafungua programu, nikafunga fremu zisizidi 60.

Jumamosi iliyofuata alikuja mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne na anajua kila jina la kadi iliyowahi kutengenezwa. Akakaa kitini, akavaa hedifoni, kisha akazivua. Alikuwa anasoma zile namba kwenye kona ya kioo.

"Anko, mbona kadi yako imelala? Asilimia 54. Prosesa inaibana hii."

"Angalia prosesa."

Akaangalia. Kori sita, hakuna iliyofika 50.

"Sasa nani anamchelewesha nani?"

"Hakuna. Iache ilale."

Alinitazama kama watoto wanavyotutazama siku hizi, akarudisha hedifoni, akatoa gari gereji. Kona ya kwanza akaikata kwa kasi ambayo nisingethubutu. Nguzo ya taa ikabaki imesimama.